Msitu Juu ya Dari la Matonya

"Mpira ni mali ya Mdachi!" Abbasi alianza kupiga kelele akiwa bado ng'ambo ya reli. "Popote ulipoota! Shambani, njiani, makaburini, popote! Atakayeng'oa hata mche mmoja, viboko hamsa wa ishirini! Akida amesema!"

Watu waliokuwa wamekaa kwenye mawe waligeuka kumtazama, kila mmoja na kikombe chake mkononi. Mawe hayo yalibaki stesheni ya Dodoma ilipokwisha kujengwa, na kwa kuwa hakuna aliyekuja kuyadai, wapiga soga waliyadai wao. Amri hiyo haikumshtua yeyote. Matonya peke yake ndiye aliyeangusha kikombe.

Bashiri, Mrangi wa Kondoa aliyekuwa akiuza kahawa pale na ambaye wote walimwita Dele, kwa jina la birika lake, alikitazama kikombe chake kikibiringika mchangani. "Ngozi Mpya," akasema, "hicho kikombe hakijaota mpira. Okota."

Ngozi Mpya ndilo lilikuwa jina la Matonya pale mawe, naye alilipenda kuliko alivyopenda ng'ombe zake. Tangu Mdachi aingie Ugogo, mgongo wa Matonya haukuwahi kuonja kiboko, wala bega lake halikuwahi kubeba mzigo wa serikali. Askari wa kukamata watu wa kazi za sulubu walipopita, yeye alikuwa ama ana homa, ama yuko malishoni, ama amelala zizini katikati ya ndama amefunikwa ngozi. Wenzake walilimishwa shamba la mpira la boma kule upande wa Ipagala mpaka mikono ikatoka malengelenge. Matonya akawa anawapelekea pole.

Pole hizo hazikuwa bure. Kabla ya mvua, mwenye tembe hupanda juu ya dari akaongeza udongo, maana dari la tembe ni miti na udongo tu, na udongo ukipungua mvua inalala na wewe. Udongo wa kwetu ni mgumu, unapinda jembe. Basi Matonya akaona uvivu kuchimba, na pale shamba la mpira upo udongo laini, umeshalimwa na jasho la wenzake. Akachota kikapu, akachota tena, akalisiliba dari lake vizuri, akaja mawe kujisifu. Walimcheka wakamsifia akili. Ilipopiga mvua ya kwanza, dari lake likaota mpira kutoka pembe hii hadi pembe ile.

"Mbukwenyi," Abbasi alisalimu alipofika, akaketi, akaivua kofia yake nyekundu na kujipepea. Alikuwa tarishi wa akida na jina lake pale lilikuwa Tarumbeta. "Dele, nipe kahawa. Amri ina kipande cha pili, na koo limekauka kwenye kile cha kwanza."

"Siku hizi amri zinauzwa kwa kikombe?" Bashiri aliuliza.

"Amri ni bure. Unanunua sauti."

"Basi kaa na sauti yako. Cha kwanza kimeshamwaga kahawa yangu, cha pili kitamwaga dele."

Abbasi akanuna, akakunja mikono, akaangalia reli kama mtu anayengoja gari moshi. Na Matonya huku anatetemeka.

"Tarumbeta, ndugu yangu," alisema taratibu, "kama mpira umeota mahali ambapo si shamba. Tuseme mahali pa juujuu kidogo."

"Juu wapi?"

"Tuseme darini."

"Dari la nani?"

"La mtu."

Msafiri alicheka mpaka akakohoa. Huyu alikuwa Mnyamwezi, mpagazi wa zamani, kiguu na njia aliyekwenda pwani na kurudi hata akasahau alizaliwa kijiji gani. Reli ilipofika ikamnyang'anya kazi, akabaki na hadithi. "La mtu! Wewe mtu, dari lako linaonekana kutoka kwenye gari moshi. Juzi Mzungu alitoa kichwa dirishani akakuvulia kofia."

"Msafiri, nina shida, sitaki mzaha."

"Mimi miti hiyo naijua. Ilipoletwa pwani nilikuwepo. Mmoja uliota mgongoni mwa punda. Punda mwenyewe alisimama tu kunywa maji, tunda likapasuka, tá! Mbegu ikaingia kwenye kidonda cha tandiko. Asubuhi ana majani. Mdachi akaja akapigilia kibati cha serikali."

"Kibati kwenye punda?"

"Kwenye mti. Punda akawa shamba. Mwenye punda akitaka kupakia mzigo lazima aende boma aombe ruhusa."

"Punda wa rangi gani huyo?" aliuliza Kefa, msomaji wa misheni ya Kikuyu, hapo hapo Dodoma, aliyeitwa Kitabu kwa kuwa hakuwa na neno dogo.

"Mweupe."

"Ulipomsimulia mara ya kwanza alikuwa mweusi."

"Amezeeka. Sasa siku moja yule punda akaamka akaona..."

"Acheni punda!" Matonya aliruka. "Jamani, nisaidieni. Mke wangu Anyesi ameniambia miti isipotoka darini, atatoka yeye. Mizizi imeshatoboa. Usiku inadondosha maji kwenye kilindo tulimowekea uwele, toh, toh, toh. Nikiing'oa, kiboko. Nisipoing'oa, mke sina, uwele sina, na dari linaniangukia. Niseme nini mimi?"

Hapo aibu kidogo iliwaingia, maana walimpenda. Wakaacha kucheka wakaanza kutoa mashauri, jambo ambalo kwa mtu mwenye shida ni baya kuliko kuchekwa.

"Mwagia maji ya moto kwenye mizizi," Bashiri alisema. "Utasema ilikufa kwa homa."

"Chini yake analala mkwe wangu. Nitamchemsha."

"Mwambie ahamishe kitanda."

"Nimwambie nani? Mama mkwe? Dele, ninyi Warangi mna adabu gani? Mimi yule simwangalii hata usoni, nikimwona njiani naingia kichakani. Nitaanzaje kumzungumzia kitanda?"

"Pandisha mbuzi," alisema Msafiri. "Hukung'oa wewe, kala mbuzi."

"Mbuzi akila majani mabichi ya mpira anavimba anakufa. Nitabaki na mbuzi mfu na amri hai."

"Basi sema mbegu ziliruka zenyewe," alisema Kefa. "Si tunda linapasuka? Ni kweli tupu. Likikauka juani linafyatua mbegu mbali sana."

"Eeh! Sema hivyo Kitabu, wewe watakusikiliza!"

"Tatizo ni umbali. Kutoka Ipagala hadi darini kwako zingehitaji mabawa."

"Zilipanda gari moshi," alisema Msafiri.

"Basi hama," Kefa alimalizia.

Matonya alimgeukia. "Nihame? Nyumba nimejenga mimi, na baba yangu amezikwa uani. Nihame niuachie mti?"

Kefa akaweka kikombe chini. Alikuwa na tabia ya kuweka kikombe chini kila alipotaka kusema jambo refu, na wenzake walizoea kuanza kupiga miayo hapohapo. Safari hii hawakupiga.

"Mimi mti huu unanishangaza," alisema. "Ulikuja na meli, mmoja mmoja, mdogo, umebebwa kwenye kikopo. Tukaambiwa mpeni mgeni nafasi. Tukampa. Tukamlimia. Tukamtekea maji sisi hatujanywa. Sasa amezaa, watoto wake wanaingia mashambani kwetu bila hodi, wanapanda mpaka juu ya nyumba zetu, na anayeambiwa asiguse ni mwenye nyumba. Sijaona mgeni kama huyu."

Bashiri akajishughulisha na makaa yake. Abbasi akaigeuza shingo polepole.

"Kitabu, unazungumzia mti?"

"Mti, baba. Kuna kingine?"

"Nimeuliza tu."

"Na mimi nimejibu tu."

Bashiri aliona hewa imekuwa nzito, akamimina kahawa akampa Abbasi bila kuombwa. "Kunywa, Tarumbeta. Kunywa utoe hicho kipande cha pili tuvunjike moyo mara moja."

Abbasi akanywa kwa raha, akajifuta mdomo, akasimama kama alivyofundishwa. "Kila mtu ambaye mpira umeota kwake wenyewe, pasipo kupandwa na mkono wa mtu, huyo ni mlinzi wa mali ya serikali. Mlinzi haendi barabarani. Habebi mzigo. Askari wa kukamata wakimkuta watampita. Nimemaliza."

Barabara ya Kondoa ilikuwa ianze kupasuliwa baada ya mavuno, na kila aliyekaa pale alijua kuwa jina lake limo.

"Rudia hapo kwenye askari," alisema Matonya kwa sauti ndogo.

"Nipe kingine."

"Mpe, Dele! Mpe! Mpe na dele lenyewe!"

Abbasi akarudia. Matonya akainuka, akakung'uta shuka lake, akalitupia begani namna ambayo wazee hulitupia wakienda kwenye shauri kubwa. Mtu aliyekuwa akitetemeka sasa hivi alionekana amerefuka.

"Mabwana," alisema, "mniwie radhi. Naenda kutazama msitu wangu."

"Matonya," Bashiri alimshika shuka. "Shemeji yangu."

"Lini nilikuwa shemeji yako?"

"Tangu sasa. Ule udongo. Darini kwako si umezidi? Tembe haipendi udongo mzito, nakuonea huruma. Nipunguzie kikapu."

"Na mimi kibuyu kimoja tu," alisema Msafiri. "Kwa ajili ya urafiki."

"Wewe uliyesema Mzungu amenivulia kofia?"

"Si heshima hiyo?"

Kefa alijikohoza. "Kwa upande wa misheni haturuhusiwi kudanganya. Lakini mtu akiongeza udongo darini kwake, huo ni ukarabati. Kitakachoota ni shauri la Mungu."

"Lakini kwa nini darini?" Bashiri aliuliza ghafla. "Kwa nini tusitie shambani?"

"Ukitia shambani, shamba linakuwa la Mdachi," Kefa alisema. "Utakula nini? Darini atachukua nini? Dari."

Wote wakatikisa vichwa kukubali. Lilikuwa wazo zuri kabisa. Watu wazima wanne, wenye wake na watoto, walikaa chini ya jua la Dodoma wakakubaliana kuotesha msitu juu ya vichwa vyao, na hakuna aliyeona ajabu.

"Na wewe Tarumbeta?" Matonya aliuliza. "Umesikia lolote?"

"Mimi? Sijasikia kitu." Abbasi alivaa kofia. "Ila nina kaka. Ana dari."

*

Matonya alipofika nyumbani alimweleza mkewe habari yote, mpaka ile ya askari watampita. Akamalizia kwa ukali wa mlinzi: mtu asiguse mti, asipande darini, asitingishe hata jani. Anyesi alikuwa anapepeta. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Haya," alisema.

Mwenye mke anajua kwamba zipo haya za kukubali na zipo haya za namna nyingine. Matonya alikuwa na furaha, hakupambanua.

Mvua mwaka ule zilikaza. Kila asubuhi Matonya aliamka, akatoka uani, akautazama ule mche uliokuwa ukingoni mwa dari juu ya mlango, mrefu, umestawi, majani yake kama vidole vilivyotanuliwa. Aliusalimia hasa. "Mbukwa, bwana." Halafu huyo, mawe, mpaka jua linazama. Mlinzi kazi yake ni kulinda, na Matonya aliona kulinda kunakwenda vizuri zaidi na kahawa.

Pale mawe soga zilibadilika. Zamani walizungumza ng'ombe na vita; sasa ilikuwa madari.

"Kwangu umeshuka," Msafiri alisema. "Mzizi umeshuka mpaka kifuani mwangu. Nikilala naushika nageukia upande. Mke wangu ameuning'inizia kibuyu."

"Kwangu pembe moja imekwenda," alisema Bashiri kwa unyonge. "Mke wangu Kuluthumu alikuwa anasonga ugali, akasikia krrr, akatoka. Chungu ndicho kilichobaki ndani. Halafu ananiuliza hiyo miti ni ya biashara gani. Nimwambie nini?"

"Mwambie ni mali ya serikali."

"Nilimwambia. Akasema basi serikali ije isonge ugali."

Kefa naye alikuwa amehamia chini ya mwavuli ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hakusema, lakini vitabu vyake vilikuwa vimevimba.

"Ninyi hamjui kulinda," Matonya aliwaambia. Alikuwa amenenepa. "Mti unataka kuongeleshwa. Mimi kwangu halidondoki hata tone. Uwele mkavu, mkwe analala kimya. Miti yangu inanijua."

"Hata tone?"

"Hata tone. Na Anyesi ametulia mpaka nashangaa. Siku hizi ananipikia kisamvu. Kinatwangwa, kinatiwa karanga, mtu unajilamba mpaka kiwiko. Mwanamke akipata mume mwenye cheo hubadilika."

Bashiri aliinua uso. "Kisamvu? Ugogo hii? Nani ana muhogo hapa?"

"Sijui. Jirani gani sijui. Mimi naulizia muhogo? Mimi nakula."

"Miezi yote unakula kisamvu cha jirani?"

"Dele, wivu utakuua. Msafiri, hebu tumalizie yule punda. Aliamka akaona nini?"

"Ehe! Yule punda mweusi..."

"Mweupe," alisema Kefa.

"Mweusi. Aliamka asubuhi, akageuza shingo akautazama mti, mti nao ukamtazama. Sasa punda akafanya jambo ambalo mpaka leo pwani..."

Msafiri akakatisha hadithi. Abbasi alikuwa anakuja. Hakuwa anapiga kelele, na hilo ndilo lililowaogopesha. Alitembea polepole, kofia mkononi, akafika akaketi, asiombe kahawa.

"Tarumbeta," Bashiri alisema, "umefiwa?"

"Mpira umekufa."

"Wa nani?"

"Wote. Huko kwao bei imeanguka. Wamepata mpira mwingine nchi nyingine, mzuri, mwingi, huu wetu hawautaki hata wa bure. Bwana shamba amekuja na gari moshi la jana, ana hasira kama nyigu. Amri imetoka." Akasimama kwa shida, akalazimisha sauti. "Mti wa mpira ni magugu. Kila ulipoota ung'olewe. Na wote ambao umeota kwao, waliojiita walinzi, kwa kuwa wanaujua mti huu na wamekaa miezi bila kazi, wao ndio watakaong'oa na shamba zima la Ipagala, na visiki vyake, kabla ya kupelekwa barabarani Kondoa. Nimemaliza. Natembea kila nyumba kutazama. Hata kaka yangu yumo. Ameshaanza kulia."

Nasema kweli, hapakuwa na aliyemcheka mwenzake. Msafiri alitazama mabega yake, ambayo tangu reli ije yalikuwa yameanza kupona. Bashiri akamwaga makaa. Na Matonya alihisi mgongo wake wote, ule uliokaa mpya miaka yote hiyo, umesisimka kwa baridi wakati jua liko kichwani.

"Kwangu mje mwisho," aliomba.

"Kwako tutaanza," Abbasi alisema. "Bwana shamba amelitaja dari lako. Aliliona kwenye gari moshi."

"Nilisema mimi," Msafiri alinong'ona.

Wakaenda wote. Hakuna aliyetaka kubaki akingojea zamu yake peke yake. Walipofika uani, Anyesi alikuwa anatwanga. Ukingoni mwa dari ule mche wa mlangoni ulikuwa unapepea kwa majivuno.

"Huo hapo," alisema Abbasi. "Na mingine?"

"Iko nyuma yake," alisema Matonya. "Msitu mzima. Panda uone. Mimi siwezi."

Abbasi akaegemeza gogo, akapanda. Wakasikia nyayo zake zikizunguka juu, zikienda pembe hii, zikirudi. Kisha kichwa chake kikachungulia.

"Matonya. Miti iko wapi?"

"Usinitanie, Tarumbeta."

"Hapa kuna malenge yameanikwa na ungo mmoja. Dari limesilibwa safi. Hakuna mti."

Matonya alipanda lile gogo kama nyani. Akasimama pale juu, akatazama dari lake, jeupe, limesawazishwa kwa mikono, halina hata jani. Kisha akageukia chini.

"Anyesi! Msitu wangu!"

Anyesi aliacha mchi ndani ya kinu, akajifuta paji la uso. "Umeula."

"Nini?"

"Umeula, baba. Siku ya kwanza nilichuma majani, si ndugu wa muhogo haya, nikatwanga, nikachemsha sana mpaka ukali wake ukatoka. Ukasema ni kitamu. Nikachuma tena. Mti usioachiwa jani unachoka, ukishachoka unang'oka kwa vidole viwili, na kijiti chake kinawasha moto vizuri. Ulitaka nifanye nini? Mama yangu alikuwa anadondoshewa maji puani, na wewe huwezi kuzungumza naye."

"Na huu wa mlangoni?"

"Huu nilikuachia uwe unausalimia."

Bashiri alikaa chini pale pale mchangani, machozi yanamtoka. Hakujulikana analia au anacheka. "Kisamvu cha jirani!" alisema. "Miezi yote mtu anakula serikali kwa karanga!"

Matonya alishuka kwenye gogo. Alikuwa bado hajaelewa kama amepona au amekwisha. "Tarumbeta," alisema, "nisamehe. Nimekula mali ya Mdachi. Sikujua. Iliiva vizuri."

Abbasi alikuna kichwa. Alikuwa mtu wa amri, na amri alizokuwa nazo hazikutaja mahali hapo. "Jana ingekuwa kiboko," alisema hatimaye. "Leo mpira ni magugu, na wewe umeyala yote kabla hatujakuagiza. Kilichobaki ni huu mmoja."

Anyesi akanyanyua mkono, akaushika ule mche shingoni, akavuta mara moja. Ukatoka na udongo kidogo. Akauweka kando ya kinu.

"Na huu nao hakuna," alisema. "Karibuni mchana."

*

Kesho yake Matonya aliwahi mawe kama kawaida. Alikaa juu ya jiwe lake. Akangoja. Jua likapanda, gari moshi likaja likaondoka, hakuna aliyemtazama. Mahali pa Bashiri palikuwa na majivu tu. Alijaribu kusema neno kwa sauti, akaona aibu, akanyamaza.

Upepo ulikuwa unavuma kutoka Ipagala. Mara kwa mara ulileta kelele za majembe, na vichekesho visivyosikika vizuri, na halafu wanaume wengi wakicheka kwa pamoja. Kila walipocheka, Matonya aliinuka kidogo kwenye jiwe akatega sikio, akakaa tena. Yeye ndiye mtu pekee wa rika lake aliyekuwa huru katika Dodoma nzima, na hakuwahi kukosa raha namna ile.

Anyesi alipita na mtungi wa maji kichwani. Akasimama.

"Mbona umekaa hivyo? Unaumwa?"

"Dele amehamishia kahawa shambani," Matonya alisema. "Anawauzia wanaong'oa. Hapa hakuna mtu."

"Kwani ulitaka nini? Kiboko nimekuepusha. Sulubu nimekuepusha. Dari lako halivuji. Sasa na soga nikupigie mimi?"

Matonya alimtazama akienda zake, maji hayamwagiki hata tone. Upepo ukaleta kicheko kingine, kirefu, na ndani yake alilisikia neno moja wazi kabisa: punda.

Alikwenda nyumbani akachukua jembe.

Shambani Ipagala watu walikuwa wameinama mistari mizima, matope mpaka magotini, na juu ya vichwa vyao yale matunda yaliyobaki yalikuwa yanapasuka juani, tá, tá, yakirusha mbegu nyuma ya migongo yao, kule walikokwisha kung'oa. Hakuna aliyegeuka kutazama. Bashiri alikuwa ameweka dele lake juu ya kisiki. Abbasi alimwona Matonya wa kwanza, akaja mbio.

"Wewe umefuata nini? Jina lako halimo! Mwenye nyumba safi haletwi huku!"

"Sikuletwa."

"Nikikuandika utakwenda mpaka Kondoa!"

"Niandike."

Kefa alinyoosha mgongo, akaweka mikono kiunoni. "Ngozi Mpya, umerukwa na akili? Mke wako amekulisha msitu mzima ili usije hapa."

"Najua," alisema Matonya, akajipenyeza kwenye mstari katikati yake na Msafiri, akalishika jembe namna ambayo mtu yeyote angejua hajawahi kulishika. "Haya, Msafiri. Punda aliamka, akautazama mti, mti ukamtazama. Akafanya nini?"

Msafiri alitema mate viganjani. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akahakikisha wote wamesogea.

"Basi," alisema, "yule punda, mwekundu kama huu udongo..."